Maji Yalipokuwa Yakianzia Mkiani

Nyinyi mnaogawa maji siku hizi, wengine wenu huko Ewuaso Kedong na wengine sijui wapi, mliniomba niandike vile kazi ilikuwa. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Darasa nilifika la tatu, halafu ng'ombe za baba zikanihitaji kuliko mwalimu, kwa hivyo mkiona maneno yanapinda kama mfereji wetu, yafuateni tu, yatafika. Mfereji wetu pia ulikuwa unapinda na ulikuwa unafika. Nasema ulikuwa.

Mfereji wenyewe ulitoka mtoni chini ya mwamba, ukashuka kando ya mashamba ya nyanya, vitunguu na sukuma, ukavuka njia ya mbuzi, ukazunguka kilima kidogo, ukaenda mpaka karibu na Kitengela ambapo mashamba ya mwisho yalikuwa. Mahali maji yanaingilia tuliita mdomo. Mahali yanaishia tuliita mkia. Hakuna serikali iliyouchimba. Ni wakulima wenyewe, wengine Wamaasai kama mimi, wengine Wakamba waliokuja kutafuta kibarua wakabaki. Waliuchimba wenyewe, wakautengeneza wenyewe, wakagombana wenyewe. Kazi yangu ilikuwa kutembea kati ya mdomo na mkia, kufungua hapa, kufunga pale, na kutukanwa kila mahali.

Kuna mama mmoja anaitwa Mama Ndunge, Mkamba, mjane. Shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, nyuma yake hakuna mtu tena, ni nyasi tu na ploti za watu wa mji. Haya yote ninayoandika ni kuhusu kama maji yalimfikia Mama Ndunge au hayakumfikia. Mengine ni matope.

Siku ya kwanza kazini sikuwa nimetafuta kazi. Nilikuwa natafuta ndama aliyepotea. Nikamkuta mzee mmoja amelala kifudifudi kando ya mfereji, sikio karibu na maji, nikafikiri amekufa. Nikamwita, "Mzee! Mzee!" Akanyanyua mkono bila kugeuka, kama mtu anayenyamazisha mtoto kanisani. Nikangoja. Mwishowe akaketi na kuniuliza, "Wewe uko na miguu mizuri?" Nikasema niko nayo. Akasema, "Basi shuka ndani ukanyage hapa."

Huyo ndiye Nzioka. Ndiye alikuwa mgawa maji kabla yangu na ndiye alinifundisha kila kitu, na alianza hivyo, bila salamu. Nikashuka na shuka yangu nyekundu na kukanyaga udongo mweusi uliochanganywa na nyasi, nikaziba shimo ambalo hata sikuliona. Ndama tulimpata baadaye. Alikuwa amekunywa maji ya mfereji ule ule na kulala.

Jioni baba aliniona na matope mpaka magotini. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe. Kwake ardhi ni ya kuota nyasi, na mtu akiichimba lazima awe na sababu ya kumwambia Mungu. Akaniangalia ile miguu. "Layioni," akasema, na mimi wakati huo nilishapita kuwa kijana mdogo wa kuitwa hivyo, nilikuwa na mke. "Layioni, umekuwa fuko?"

Nyumba nzima ikacheka, mke wangu pia. Jina hilo lilinifuata miaka mingi. Hata mazishini kwa watu nikifika, agemeti wangu Kasaine, wa rika moja nami, alikuwa anasema, "Fungueni njia, fuko amekuja kuona vile tumechimba." Huyu Kasaine mumkumbuke. Shamba lake lilikuwa la kwanza, hapo mdomoni kabisa, na hakuwa mtu mbaya. Nitasema tena baadaye, kwa sababu mtasahau.

Sasa mambo ya kazi. Fuko ndiye adui wa kwanza, huyo fuko mwenyewe wa ardhini. Anatoboa ukingo usiku, asubuhi maji yanaenda kumwagilia miiba. Nzioka alinifundisha kutupa ganda kavu la mahindi juu ya maji na kutembea nalo pole pole. Likienda sawa, endelea. Likisimama kidogo na kujizungusha kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, hapo chini kuna shimo. Usiweke jiwe. Kila kijana anataka kuweka jiwe. Jiwe halishikani na udongo, maji yatapita kando yake na kupanua tundu. Weka udongo mweusi, nyasi ndani yake, kanyaga kwa kisigino mpaka usikie mguu umekataa kuzama. Na nyasi za ukingo wa nje usizikate, hizo ndizo zinashika ukingo. Za ndani fyeka. Nimeona watu wamefyeka zote ili mfereji uonekane msafi, wageni wakisha kwenda ukingo nao ukaenda.

Gambuti, vile viatu vya mpira, sikuvaa. Nilinunua mara moja, zikajaa maji, nikatembea nikilia kama chura. Nzioka akasema, "Vua, unawaambia wezi wa maji unakuja."

Lakini kazi kubwa ilikuwa mdomo. Siku hizo mdomo haukuwa wa sementi. Ilikuwa ukuta wa mawe, matawi ya miti na magunia ya mchanga, tumeulaza ndani ya mto kwa upande ili maji yageuke na kuingia kwetu. Ulikuwa unavuja kama kikapu. Kila mvua kubwa ikija, mto unabeba kila kitu, unatuachia jiwe moja au mawili kama kutudharau. Halafu tunaanza upya. Na kuujenga huwezi na watu wa juu pekee. Wa juu walikuwa wachache, mawe ni makubwa, maji ni baridi na yana nguvu. Lazima waje wa katikati na wa mkia pia, wote, kila boma mtu mmoja mwenye jembe na gunia. Asiyekuja maji yanampita.

Sasa sikizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kimelala. Ukuta ukisha simama na maji yakianza kugeuka, ilikuwa desturi kwamba maji ya kwanza ni ya mkia. Kasaine yuko hapo karibu, vitunguu vyake vimekauka, mfereji unapita mlangoni kwake, lakini anaziba tundu lake la kuingizia maji shambani na tope na kukaa chini. Na anayemfuata vile vile. Wote wanakaa wakiangalia maji yanawapita yanaenda kwa Mama Ndunge. Mkia ukishiba ndio zamu inapanda, shamba kwa shamba, mpaka inarudi juu kwa Kasaine, wa mwisho.

Mara ya kwanza kuona hivyo nilimwuliza Nzioka, "Kwa nini wasianze hawa wa karibu?"

"Wa mkia ametembea mbali kuliko wote kuja kubeba mawe," akasema. "Akirudi nyumbani akute maji yamemtangulia."

Halafu akaongeza, na hii ndiyo sababu ya kikazi, kwamba maji yakienda moja kwa moja mpaka mwisho yanakuonyesha mfereji wote mahali unavuja, na yanasukuma takataka zote chini. Mama Ndunge alikuwa anapokea maji ya kwanza na takataka ya kwanza. Alikuwa anasema amefua suruali za watu wote wa juu bila kuziona.

Huyo mama alikuwa na mdomo, yeye mwenyewe sasa, si wa mfereji. Siku moja asubuhi maji yalikatika zamu ikiwa yake. Nikapanda na ukingo kutafuta, na yeye nyuma yangu na jembe begani, akitukana kwa Kikamba, kwa Kiswahili, na kwa Kimaasai alichojifunza sokoni, ambacho ni matusi tu na bei za mbuzi. Tukafika kwenye kona ya mawe tukakuta watu wamefunga mfereji kwa magunia, maji yamejaa mpaka kifuani, na ndani yake pasta amesimama na kanzu nyeupe anabatiza. Lilikuwa kanisa la Mama Ndunge mwenyewe. Kwaya yote ikamwona, ikanyamaza.

"Mama Ndunge," pasta akasema, "karibu ushuhudie."

"Pasta, Yesu alienda Yordani, na Yordani ni mto. Huu ni mfereji. Fungua."

"Mama, wamebaki wawili tu."

"Nyanya zangu hazijui kuhesabu. Fungua."

Pasta akawabatiza hao wawili haraka haraka, nafikiri mmoja hakulowa vizuri, na magunia yakatolewa. Jumapili Mama Ndunge akapeleka kanisani kikapu cha nyanya. Hivyo ndivyo tuliishi. Tulikuwa tunagombana sana, na kila baada ya mvua tunakutana pale mtoni tukiwa na maji mpaka kiunoni, tunapeana mawe mkono kwa mkono, Mmaasai, Mkamba, wa juu, wa mkia. Huwezi kumpa mtu jiwe zito na kukataa kumwangalia usoni. Atakuangushia mguuni.

Baadaye tukapata sementi.

Sitasema ilikuja kwa mkono wa nani, ulikuwa mradi, kama miradi ilivyo. Injinia alikuwa mama mmoja mpole, alitembea mfereji wote na miguu yake, akatuuliza tunataka nini. Mkutano ulikuwa mkubwa. Tukasema kwa sauti moja: mdomo. Tumechoka na mawe. Mama Ndunge ndiye alisimama akasema kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu ndiye anatembea mbali. Mimi nilipiga makofi. Nzioka alikuwa amezeeka, mgongo umekunjika kama mundu, akabebwa na mkokoteni wa punda kuja kuona siku sementi ilipokauka. Akaipapasa kwa mikono yote miwili. Akasema, "Huu mgongo wangu ulikosa tu kuzaliwa leo." Na akalia, na sisi wote tukafurahi kwamba analia. Alikufa kabla ya mvua iliyofuata, na nikiangalia kila kitu kilichokuja, naona Mungu alimpendelea.

Injinia alifanya kazi nzuri, msije mkasema vingine. Ukuta unavuka mto kutoka mwamba hadi mwamba. Kuna geti la chuma na gurudumu la kuzungusha. Mpaka leo haujapata hata ufa.

Mvua kubwa ikaja. Mto ulinguruma usiku wote. Alfajiri nikapanda mdomoni, nikaukuta umesimama, maji yanapita juu yake yakicheka. Nikiwa bado nashangaa, nikasikia sauti nyuma. Ni watu wa mkia. Wamekuja na majembe na magunia, Mama Ndunge mbele, sketi ameifunga kiunoni. Hakuna aliyewaita. Mvua kubwa ikinyesha miguu yao ilikuwa inajua njia.

Kasaine akatoka nyumbani kwake na kikombe cha chai, akawaona, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mama, mnaenda vita wapi? Rudini mkalale! Kazi imeisha!"

Mama Ndunge naye akacheka. "Kumbe tumezoea mateso," akasema. Wote wakacheka, mimi pia. Wakakaa kwenye mawe kidogo, hawajui mikono waiweke wapi. Mke wa Kasaine akawaletea chai. Halafu wakarudi na majembe makavu. Nakumbuka ile furaha na sasa inaniuma kama jino.

Maji ya kwanza mwaka huo yalienda mkiani, kwa desturi. Mwaka uliofuata pia. Halafu ukaja ukame, mtajua ni upi, ule ng'ombe walikufa wamesimama na mizoga ikajaa kando ya barabara ya Namanga. Mto ukawa kamba nyembamba. Zamu ilikuwa ya mkia, mahindi ya Mama Ndunge yalikuwa yametoa ndevu, yanataka maji mara moja tu yakomae, basi. Na hakuwa na kingine. Nikafungua njia kutoka juu, nikaziba matundu yote, nikashuka na ganda langu la mahindi. Nikafika kwenye kile kilima kidogo, ganda likasimama. Halikuzunguka, lilisimama tu, maji chini yake yakaisha na likakaa juu ya tope.

Nikarudi juu. Tundu la Kasaine lilikuwa wazi, maji yote yanaingia kwa vitunguu vyake. Yeye amekaa chini ya mti wa miiba, hakujificha hata kidogo.

"Kasaine, leo ni zamu ya mkia."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa vitunguu vyangu vinakufa, fuko. Wewe huoni?"

"Na mahindi ya Mama Ndunge? Watu wa mkia watakasirika."

Akaniangalia kama anayetaka kweli kujua. "Wakikasirika, watafanya nini?"

Nikafungua mdomo kujibu. Jibu nililijua tangu siku ya kwanza, kila mtu alilijua: watakataa kuja kujenga. Akaona vile ninataka kusema. Akanisaidia mwenyewe, pole pole, bila ubaya.

"Kujenga nini?"

Mimi na Kasaine tulitahiriwa msimu mmoja. Sikumpiga. Nilikaa karibu naye tukaangalia maji yake yakiingia. Ng'ombe zake zilikuwa zimekufa zote isipokuwa mbili, na hivyo vitunguu ndivyo vilikuwa ng'ombe sasa. Nilisema si mtu mbaya. Miaka yote hiyo alikuwa anaziba tundu lake na kungoja, na tulifikiri ni adabu. Kumbe nusu ilikuwa adabu na nusu ilikuwa mawe. Sementi ilitoa mawe, na adabu peke yake haikuweza kubeba ukame.

Mahindi ya Mama Ndunge yalikauka na ndevu zake. Alikata mabua akawapa mbuzi wa jirani.

Tulienda Kajiado, kwa ofisi, watu wa mkia na mimi. Tuliketi kwa benchi, tukasikizwa vizuri. Afisa akatuambia mfereji ni wetu na sheria ni zetu, tukakubaliane nyumbani. Alisema ukweli. Kurudi, kwenye basi la barabara ya Namanga, tulipofika Isinya Mama Ndunge akasema, "Tumeenda mbali kuambiwa turudi."

Nikafikiri sana mwezi huo. Mtu akikaa na maji muda mrefu anafikiri pole pole. Nikaona kwamba wa juu hawamhitaji wa mkia tena kwa jambo lolote, na hiyo haiponi kwa maneno. Lazima tuwarudishie haja. Nikapeleka wazo kwa kamati: geti la chuma liwekwe kufuli, na ufunguo akae nao mtu wa mkia. Maji yafunguliwe tu baada ya mfereji wote kusafishwa, na yeye ndiye atafungua. Kelele zilikuwa nyingi, lakini mvua ilikuwa imerudi, watu wakiwa wameshiba wanakuwa wakarimu. Kasaine mwenyewe akasema, "Mpeni mama ufunguo, sisi tutakuwa tunampikia chai akipanda." Na alikuwa anampikia.

Msimu mmoja. Nilifikiri nimeshinda. Mama Ndunge aliufunga ufunguo na uzi mwekundu shingoni, akasema sasa yeye ni Petro. Mkia ukapata maji. Watu wakasafisha mpaka wakaimba.

Halafu dada yake akafa kwao Makueni. Simu ilikuja usiku, akaondoka na gari la kwanza asubuhi, geti limefungwa na ufunguo shingoni, na nani angekumbuka ufunguo siku kama hiyo. Matanga yakachelewa, wanangoja mtoto atoke ng'ambo. Huku juu nyanya zikaanza kuinamisha vichwa. Watu walimpigia simu, simu imezima. Walingoja, hilo nitalisema mbele ya yeyote, walingoja kuliko vile mimi ningengoja. Mwishowe Kasaine akaleta fundi wa kuchomelea chuma, kufuli ikakatwa. Mimi nilikuwepo nimesimama. Ningesema nini, nyanya zikauke kwa heshima ya marehemu nisiyemjua?

Alirudi akakuta geti wazi. Kasaine alimpa pole ya msiba na mbuzi wa kupeleka matangani ingawa matanga yalikwisha. Hakuna aliyemkosea mwenzake mahali ungeweza kuonyesha kidole. Kamati ikasema tutanunua kufuli nyingine. Haikununuliwa. Ikaandikwa kwenye ajenda, ikasomwa, ikaahirishwa, kama maombi ya mwisho wa ibada ambayo kila mtu ameshasimama kwenda.

Baada ya hapo mkia ulipata yaliyobaki, na hayakubaki. Kama hamjawahi kuona mfereji ukifa, unaanzia mwisho. Mtu wa mkia akikosa maji hasafishi kipande chake, kwa nini asafishe? Tope linapanda. Nyasi zinaota ndani. Mbuzi wanaufanya njia. Anayemfuata juu anaona maji yamepungua kwake, na sasa yeye ndiye mkia. Mwaka mwingine ni yule wa juu yake. Nilikuwa nashuka kila asubuhi na ganda langu, na kila msimu safari ilikuwa fupi kidogo. Miguu yangu ilifurahi, mimi sikufurahi.

Kitengela nayo ilikuwa inakuja kutukuta. Mtu wa mkia akiuza ploti, mnunuzi anajenga ukuta wa mawe ya ndarugo, na ukuta unakata mfereji. Anauliza, "Hii mtaro ni ya nini?" Unamwambia ni ya maji. Anaangalia ndani anaona nyasi na chupa, anakuona wewe ni mzee amechanganyikiwa.

Mama Ndunge alikaa kati ya kuta mbili kama hizo, akichota maji ya mtungi kumwagilia sukuma mche kwa mche, mpaka akauza naye. Alikuja mwenyewe kuniambia. Alisema, "Parmuat, usishuke tena. Hakuna mtu." Hilo ndilo jina langu, na ni yeye peke yake hakuwahi kuniita fuko.

Hivyo ndivyo nilistaafu. Hakukuwa na sherehe. Juu kwa Kasaine kulibaki mashamba machache yanayoonana, na watu wanaoonana hawahitaji mgawa maji, wanapigiana tu kelele. Nilirudisha jembe la kamati. Koleo nilibaki nayo, wasamehe.

Mnaniuliza mfanye nini nyinyi. Sijui. Msikatae sementi, nimebeba yale mawe, siwezi kumwambia mtu mwingine abebe. Lakini mtu akija kuwauliza mnataka nini, kabla hamjapiga makofi, angalieni ni kazi gani inamfanya wa juu amngoje wa chini. Mkiipata hiyo kazi, hata kama inaumiza mgongo, msiiache iishe mpaka mmeweka ingine mahali pake. Sisi tulichelewa, na ile tuliyoweka ilining'inia kwa shingo ya mtu mmoja.

Mwezi huu kulikuwa na mvua kubwa. Nilipanda boda boda mpaka Kitengela kununua dawa ya miguu, nikapita kwa Mama Ndunge. Siku hizi yuko na kibanda kando ya barabara, anauza mboga. Sukuma inaletewa na pikipiki asubuhi kutoka juu, kutoka kwa Kasaine na majirani zake. Alikuwa anafunga mafungu na kamba ya mgomba.

"Sopa, Parmuat."

"Epa, mama. Umeamkaje?"

"Nimeamka. Chukua hii, ni nzuri, ninaijua. Imekunywa maji yangu."

Alicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa imesemwa vizuri. Halafu akaacha kufunga. Akaangalia upande wa mto, ingawa kutoka hapo huoni mto, unaona magorofa.

"Mvua ya jana ilikuwa kubwa," akasema.

"Kubwa sana."

"Umepita juu?"

"Nimepita."

Nyuma yake, kwenye kona ya kibanda, palikuwa na jembe lake la zamani. Mpini ulikuwa umelowa. Alikuwa ameuloweka kwenye ndoo usiku, vile tulikuwa tunafanya kabla ya kazi, ili uvimbe na chuma kisichomoke.

"Mdomo umebomoka?"

Ningeweza kumdanganya. Nilimwangalia, na mkono wake tayari ulikuwa umeenda nyuma kidogo, kuelekea jembe, kama vile miguu yao ilivyokuja yenyewe siku ile ya chai.

"Haujabomoka, mama. Uko vile vile. Hata ufa hauna."

"Aha," akasema. Akachukua kamba nyingine akaendelea kufunga.